Kabla Hujatuma Hela ya Ashwagandha

Wiki mbili kabla ya UE, grupu la WhatsApp la bloku yetu hugeuka gulio. Huyu anauza madesa, yule anauza pepa za miaka mitano iliyopita zikiwa na majibu ambayo hakuna anayejua nani aliyajibu, mwingine anauza vinywaji vya kukeshea kwa bei ya jumla. Semista hii gulioni kumeingia bidhaa mpya: ashwagandha. Tangazo lilikuwa na picha ya ubongo unaotoa cheche, na maneno "tiba ya Kihindi ya miaka elfu tano, soma mara moja usisahau". Kopo la vidonge 60, shilingi 45,000, unaletewa mpaka mlangoni.

Chini ya tangazo kulikuwa na maswali kumi ya kujua "dosha" yako. Unapenda joto au baridi? Unaongea haraka? Ngozi yako ni kavu? Ukimaliza unaambiwa wewe ni vata, pitta au kapha, na unahitaji makopo mangapi. Niliwauliza washkaji sita waliojibu. Wote sita walihitaji makopo mawili.

Naandika haya si kwa kumcheka mtu. Bumu lilikuwa limetoka siku tatu nyuma, na nilinunua kopo moja. Nilimeza kama nilivyoelekezwa, asubuhi na jioni, na siku ya nne nikajikuta nimelalia daftari kimbwetani saa 3 usiku, mate yakilowesha jedwali la takwimu. Nikadhani dozi ni ndogo, nikaongeza.

Ni rumeti wangu, anayesoma Botania, aliyeniuliza kama najua jina la kisayansi la huo mmea. Sikujua. Unaitwa *Withania somnifera*, na hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake "iletayo usingizi". India mzizi wake umetumika kwa muda mrefu kama dawa ya kurudisha nguvu na kutuliza mwili. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa 45,000 ya mkopo wa serikali kununua mmea uliopewa jina la usingizi, ili nikeshe. Siwezi kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyoniangusha. Siku hizo nilikuwa nalala saa tatu kwa usiku, na hata ng'ombe angesinzia. Lakini rumeti alicheka siku nzima, na alikuwa na haki.

Nilivyo mbishi, niliamua kusoma Ayurveda yenyewe inasemaje kuhusu kusoma. Nilichokikuta kimenifanya niamini kwamba wauzaji wanatuuzia sehemu ambayo ina faida ndogo zaidi kwetu, na wanaiacha ile iliyoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi hasa. Sehemu hiyo haina bei.

Kwanza tuweke heshima pale inapostahili. Ayurveda ni elimu ya utabibu ya India, yenye vitabu vyake vikubwa: mkusanyiko wa Charaka, wa Sushruta, na kile cha Vagbhata kiitwacho Ashtanga Hridaya. Cha Charaka kina umri wa takribani miaka 2,000. Leo India mtu anayetaka kuwa daktari wa Ayurveda husoma shahada inayochukua miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo kwa vitendo, na tangu 2014 tiba hizo zina wizara yake. Sasa linganisha na maswali kumi ya WhatsApp. Wala mambo haya si mageni kabisa kwetu. Manjano, tangawizi, iliki na samli viko kwenye majiko ya Pwani kwa sababu bahari hii ya Hindi ina watu pande zote mbili, na mwarobaini ambao bibi alikuchemshia ukiwa na homa ni mti wenye asili ya Bara Hindi, unaotumika sana kwenye Ayurveda.

Sasa njoo kwenye kitabu cha Charaka, sehemu iitwayo Vimanasthana, sura ya 8. Hapo mwandishi anazungumza na kijana anayetaka kusomea udaktari, na anampa utaratibu wa kusoma. Aamke alfajiri au kabla yake kidogo. Amalize haja zake, ajisafishe, atoe heshima kwa miungu na walimu wake. Akae mahali safi, tambarare, akae kwa raha. Halafu alipitie somo kwa sauti, akili ikitangulia na maneno yakifuata, alirudie tena na tena mpaka amelielewa sawasawa, ili aondoe makosa yake na aweze kuyaona makosa ya wenzake. Kisha arudi kwenye hilo hilo mchana, alasiri na usiku, bila kuruka siku.

Soma tena hapo polepole. Hakuna kidonge. Kuna mahali pa kukaa, sauti, kurudia kwa vipindi, na kujikagua. Anayesoma Saikolojia atakuambia hayo yana majina yake leo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja likayasoma na kuyarudia kuyasoma. Jingine likasoma, likafunika, likaandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yakageuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Hiyo dakika tano ndiyo inayotudanganya sisi. Unapitisha kalamu ya njano juu ya desa mara ya nne, unajiona umeiva, unakwenda kulala. Pepa ni wiki ijayo.

Sura hiyo hiyo inasema njia za kupata elimu ni tatu: kusoma, kufundisha, na kujadiliana na wenzako wa fani moja. Kufundisha kumewekwa kama njia ya mtu kujifunza yeye mwenyewe! Na majadiliano yamegawanywa mara mbili, ya kirafiki na ya ushindani. Yale ya kirafiki unafanya na mtu mwenye elimu, asiye na hasira, asiye na wivu, anayejua kushawishi na kushawishika. Ukiwa naye uliza bila woga na usijivune ukimshinda. Yale ya ushindani unaambiwa kwanza umpime mpinzani, umekuzidi, mko sawa au yuko chini yako, halafu uwapime na wasikilizaji. Watu wa Sheria watalipenda hilo somo.

Nililijaribu na wenzangu watatu wa kozi ya takwimu. Makubaliano yalikuwa rahisi: kila mtu anachukua mada moja, anawafundisha wengine dakika ishirini bila karatasi mkononi, halafu anaulizwa maswali. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mmoja wetu, ambaye ana madesa mazuri kuliko wote na mwandiko wa kumpigia saluti, alisimama mbele yetu kufundisha mtawanyiko wa kawaida na baada ya dakika mbili akakaa chini. Alikuwa anajua kila kitu kilipo kwenye karatasi. Kichwani hakikuwepo. Mimi zamu yangu nilidumu dakika sita. Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa kimbweta cha jirani alishindwa kuvumilia, akaja kutusahihisha, na akabaki nasi mpaka mwisho wa semista. Nayo haikuwa peponi kila siku. Kuna jioni mbili mjadala uligeuka umbea wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi na hatukusoma mstari. Lakini kwenye testi ya pili tulikumbuka kwa nini fomula iko vile, na hilo halijawahi kunitokea kwa kukesha.

Kuhusu kukesha, Charaka ni mkali kuliko mama yangu. Anaweka nguzo tatu zinazoshikilia mwili: chakula, usingizi, na kujizuia katika mambo ya mapenzi. (Ya tatu nawaachia wenyewe.) Akieleza usingizi anataja yanayoutegemea: furaha na huzuni, nguvu na udhaifu, na katika orodha hiyo hiyo anaweka elimu na ujinga. Kwamba ujinga unaweza kutokana na kutolala, hilo lingefaa kubandikwa mlangoni mwa chumba cha kusomea cha usiku.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha. Kwa kawaida Ayurveda haipendi mtu alale mchana, isipokuwa majira ya joto kali. Lakini Charaka anatoa ruhusa kwa makundi fulani: wazee, watoto, wagonjwa, waliochoshwa na safari, waliochoshwa na kubeba mizigo, na, wametajwa kabisa, waliochoshwa na kusoma. Kwa hiyo ukiona mtu amelala saa 8 mchana baada ya vipindi vitatu, usimwite mvivu. Ana kibali cha miaka 2,000.

Kibaya ni kwamba wauzaji wa Ayurveda mtandaoni wamechukua kitu kimoja cha ratiba na kukifanya fimbo: brahma muhurta, muda wa kuamka kabla ya jua. Muhurta ni sehemu moja ya thelathini ya siku nzima, yaani dakika 48, na huu unaanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Kama jua la Dar limechomoza saa 12:15, muda wenyewe ni kuanzia saa 10:39 mpaka saa 11:27 alfajiri. Ukiwa unakaa karibu na msikiti, adhana inakupatia bure. Sisi wa huku karibu na ikweta jua halituhangaishi, linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, na saa zetu za Kiswahili zenyewe zinaanza kuhesabiwa nalo. Watu wa London hawana bahati hiyo.

Lakini soma Vagbhata anamwambia nani aamke. Anamwambia mtu mwenye afya, anayetaka kulinda uhai wake, na mtu wa zama hizo hakuwa na umeme. Usiku ulipoingia alilala. Ukilala saa 8 usiku kisha ukaamka saa 10:39 kwa sababu tangazo limesema mabingwa huamka alfajiri, umelala saa mbili na dakika 39. Hiyo si Ayurveda, hiyo ni adhabu. Mimi nilichofanya ni kuanzia mwisho: simu mbali na kitanda saa 4 usiku, taa nje saa 4 na nusu. Wiki ya kwanza niligaagaa. Wiki ya pili nikaanza kuamka saa 11 kabla ya alamu, na ile saa moja ya ukimya kabla bloku haijaanza kugombania bafu nikaipa somo gumu kuliko yote. Saa moja tu. Nikiwa na akili ile, inatosha kwa kazi iliyokuwa inanichukua usiku mzima.

Chakula nako kuna la kuchukua. Ayurveda inazungumzia agni, moto wa kumeng'enya chakula, na ushauri wake maarufu ni kwamba mlo mkubwa uliwe mchana, wa usiku uwe mwepesi, na usirundike chakula juu ya chakula ambacho hakijashuka. Sihitaji kuamini kwamba kuna moto tumboni ili nione kuwa sisi tunafanya kinyume chake. Asubuhi hatuli, mchana chapati na soda tukiwa tunakimbilia kipindi, saa 4 usiku chipsi mayai zenye mafuta ya kutosha kuendeshea pikipiki, halafu tunashangaa kichwa kizito. Wali maharage na mboga saa 7 mchana, uji wa tangawizi jioni: hiyo bei tunaiweza.

Turudi kwenye kopo, maana najua kuna atakayesema "mbona yapo majaribio ya kisayansi". Yapo, na sina nia ya kuyaficha. Kuna tafiti ndogo ndogo zinazoonyesha ashwagandha inaweza kupunguza msongo wa mawazo na kusaidia usingizi kwa muda mfupi. Kwa kumbukumbu, mmea uliochunguzwa zaidi ni mwingine, brahmi, na majaribio yaliyopata tofauti yaliipata baada ya watu kumeza kila siku kwa wiki kama 12. Kumi na mbili! Semista ya masomo ina wiki kama kumi na tano. Mtu anayekuuzia wiki mbili kabla ya UE anakuuzia kitu ambacho hata tafiti zinazokipenda zinasema hakitakuwa kimefika. Na ukienda kwenye kitabu chenyewe, Charaka anapotaja mimea minne ya kukuza akili, ashwagandha haimo.

Halafu kuna hatari, na hapa sitanii. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha kwenye jarida la JAMA matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye maduka ya eneo la Boston. Bidhaa 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa kwa mtandao, zilizotengenezwa India na Marekani, na karibu moja kati ya tano ikawa na madini hayo. Sehemu ya sababu ni kwamba lipo tawi la Ayurveda linalotumia madini kwa makusudi, kwa utaratibu wake. Sehemu nyingine ni uchafu wa kiwandani na udongoni. Risasi mwilini huharibu ubongo, na hicho ndicho kiungo ulichokuwa unataka kukisaidia. Ashwagandha yenyewe ina ripoti za watu kuumia ini, na mwaka 2023 Denmark iliipiga marufuku. Mjamzito asiiguse. Mwenye matatizo ya tezi ya shingo, au anayemeza dawa za hospitali, aongee na daktari kwanza.

Kopo langu halikuwa na namba ya usajili, jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na ina Baraza linalosajili watoa huduma na dawa zao. Kumuuliza muuzaji namba ya usajili si ukorofi. Mimi nilimuuliza wa kwetu. Aliniondoa kwenye grupu.

Tena, si kila kukosa umakini ni suala la ratiba. Macho yanayohitaji miwani, malaria ya chini chini, upungufu wa damu, sonona: vyote vinajificha ndani ya "siku hizi nikisoma hakiingii". Kama umelala vizuri wiki mbili na bado kichwa ni ukungu, nenda zahanati ya chuo, au kwa mshauri wa wanafunzi. Usijipe jina la vata ukabaki nalo rumu.

Nimeshasikia pingamizi la wanaokaa nje ya chuo, na naliona ni zito kuliko yote. Mwanafunzi wa Charaka alikaa kwa mwalimu wake. Hakuwa na daladala. Mwenzetu anayetoka Mbagala au Chanika anaamka brahma muhurta kila siku, si kwa ajili ya somo, bali ili apate siti. Kipindi chake cha kwanza saa 1 asubuhi, cha pili saa 7 mchana, cha tatu saa 11 jioni. Kati yake hana pa kukaa kwa sababu vimbweta vimejaa na maktaba haina viti, na hawezi kwenda kulala ule usingizi wa mchana alioruhusiwa. Ukimwambia ajipangie ratiba, aipange wapi? Yeye ratiba yake imepangwa na ofisi, na imepangwa bila kumfikiria.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi, na ni dogo. Mwaka jana tulipewa kongamano la "afya ya akili na mafanikio", na kwenye meza ya mlangoni walikuwa wanauza vidonge. Badala ya kongamano jingine, tupiganie vitu viwili: saa 6 mpaka saa 8 mchana kusiwe na kipindi kwa mtu yeyote, ili watu wale chakula wakiwa wamekaa, na vyumba vya madarasa visivyotumika mchana viachwe wazi, watu wapate mahali safi, tambarare, pa kukaa kwa raha na kusomeshana kwa sauti bila kufukuzwa na mkutubi. Kufungua mlango hakuhitaji bajeti.

Barua yenye ombi hilo, yenye saini za kozi yetu na kozi mbili za jirani, iko kwa waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi tangu wiki ya tisa. Sisi tupo kimbweta cha tatu kutoka kwenye mwembe, kila Jumanne na Alhamisi saa 10 jioni. Wiki hii ni zamu yangu, ninafundisha urejeleo wa mstari mnyoofu, na safari hii nimepania kufika dakika ishirini.